Uzi: Kwa miguu kutoka Kizimbani hadi Marhubi, tukipita magofu ya enzi za karafuu Unguja

Mtembezi_wa_Kipupwe (mleta mada)

Habari za humu wanajukwaa.

Wageni wengi Unguja, na hata sisi wa bara tunaokwenda kupunga upepo, magofu tunayaona vipande vipande. Leo gari inakupandisha Kidichi, unapiga picha, mnashuka. Kesho kutwa ukielekea hoteli za kaskazini dereva anakuonyesha Marhubi kwa kidole kupitia dirishani. Kila gofu linabaki peke yake, na hadithi ni ile ile ya sultani na wake zake. Nimeuanzisha uzi huu kuwashawishi mwende kwa miguu, kutoka Kizimbani kule juu mpaka Marhubi ufukweni. Ukienda hivyo unaona kwamba vyote vilikuwa kitu kimoja: shamba, hamamu (nyumba ya kuogea), mifereji ya maji, reli, kasri na bandari. Karafuu ilichumwa juu ikashuka pwani, na fedha zake ndizo zilizosimamisha kuta hizi.

Njia yenyewe ni kati ya kilomita 12 na 15, inategemea unakatiza wapi. Haina vibao. Sehemu kubwa ni vijia vya mashambani na barabara za vumbi, halafu ukifika Bububu unaikuta lami. Mnaanza juu, kwa hiyo mteremko unawasaidia.

Kizimbani ndipo pa kuanzia. Mkarafuu si mti wa asili ya kwetu, ulitoka visiwa vya Maluku huko Indonesia. Wafaransa waliutorosha mnamo 1770 wakaupanda Mauritius na Réunion, na mwanzoni mwa karne ya 19 Mwarabu aliyeitwa Saleh bin Haramil akaleta miche Unguja. Mashamba yake ya Kizimbani na Mtoni yakaja kuangukia mikononi mwa Sayyid Said bin Sultan, sultani wa Oman na Zanzibar. Said alipoona faida yake akaamuru kila mwenye shamba apande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja, na asiyetii anyang'anywe ardhi. Upande wa magharibi wa kisiwa, wenye udongo mzito mwekundu, misitu ikafyekwa. Mashariki ni mawe matupu, mkarafuu haukai.

Waliofyeka, wakachimba mashimo, wakapalilia na kuchuma ni watumwa. Walikamatwa Nyasa, Uyao, Ungindo, Manyema, wakaletwa kupitia Kilwa na Bagamoyo. Naomba mlishike hilo tangu hapo mwanzo wa njia, maana huko mbele kuna mapambo mazuri sana na ni rahisi kusahau.

Pale Kizimbani kuna hamamu ya Sayyid Said isiyo na nakshi, kuta tupu na kuba. Watu wengi hawafiki, wanaishia kwenye ziara ya viungo jirani. Ingieni. Baadaye mkifika Kidichi ndipo mtaona tofauti.

Kutoka hapo mnafuata kijia kati ya mikarafuu, minazi, mifenesi na mashamba ya mihogo. Hizi ni mali za watu, si msitu wa burudani. Ukimkuta mtu analima, salimia, sema mnakokwenda, omba njia. Sisi mama mmoja alituacha tukae barazani kwake, mbele yetu majamvi yametandazwa karafuu za siku mbili tatu. Alikuwa anazigeuza kwa kiganja, taratibu, akitoa makonyo yaliyobaki na kuyatupa kwenye pakacha. Zile zilizokuwa chini bado zina wekundu, za juu zimeshakuwa kahawia. Akanipa moja niivunje: ikikatika kwa mlio imekauka, ikipinda bado. Harufu ilibaki mkononi mpaka jioni.

Kidichi iko juu ya kilima. Hamamu hii Sayyid Said aliijenga 1850 kwa ajili ya mke wake wa Kiajemi, Shahrazad, wa ukoo wa Shah. Ndani, kuta zimefunikwa nakshi za chokaa, maua na ndege, kazi ambayo huioni kwingine kisiwani. Kaeni ndani kidogo mpaka macho yazoee. Mwanga unaingia kupitia matundu ya kuba na unatembea ukutani kadiri jua linavyosogea. Tazameni sakafu pia, mtaona maji yalipoingia na yalipotokea, maana moto uliwashwa chini kupasha maji. Kuni hizo kuna waliozikata na kuzibeba.

Kisha mnashuka Bububu. Hapo ndipo reli ilipoishia. Kampuni ya Wamarekani iliijenga, 1905 ikawa inafanya kazi, ikitokea mjini karibu na Ngome Kongwe kwa urefu wa kama kilomita 11, na ilidumu mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920. Leo daladala namba 502 ndizo zinazokimbia kwenye njia hiyo.

Mkielekea kusini mnapita Beit el Ras. Said alianza kujenga kasri hapo mwaka 1847 kwa sababu kasri lake la Mtoni lilikuwa limejaa. Alifariki 1856 halijakwisha, halikumaliziwa tena. Mawe yake mengi yakachukuliwa kujengea ile reli.

Mtoni ndiyo kasri lake la kwanza Unguja, kando ya bahari, na hapo ndipo alipozaliwa binti yake, Bibi Salme, mwaka 1844. Mwisho ni kasri la Marhubi, la Sayyid Barghash, mwana wa Said aliyetawala baadaye, lililojengwa kati ya 1880 na 1882 na kuungua 1899. Nguzo kubwa zimebaki zimesimama mistari kwa mistari bila ya kubeba chochote, kwa sababu roshani ya mbao iliyokaa juu yake iliteketea.

Maswali karibuni. Picha nitatupia baadaye.

---

BintiMkunazini

Uzi mtamu huu. Mimi mzaliwa wa mjini kabisa, Marhubi nimepita maisha yangu yote kwenye gari sijawahi hata kushuka. Swali: mwanamke akienda na mwenzake bila mwanamume ni salama? Na viatu gani?

---

Mtembezi_wa_Kipupwe

Dada, salama. Kundi letu lilikuwa na akina dada na hakuna aliyesumbuliwa. Ila nashauri mchukue kijana wa hapo hapo Kizimbani awaongoze mpaka Kidichi, mkubaliane malipo kabla ya kuondoka. Anajua vijia, na watu wa mashambani wanamjua. Mavazi yawe ya heshima, mnapita uwani kwa watu. Viatu vya kufunga vyenye soli ya kushika. Masika msijaribu, ule udongo mwekundu ukilowa unateleza vibaya. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ndio wakati wenyewe.

---

Kipanga_Mwekundu

Mleta mada umeandika vizuri ila umeanza yale yale ya kutaka kuichafua Zanzibar. Watumwa wa mashamba hapa walikaa kama watu wa nyumba, walikuwa na viwanja vyao, walioa, walisilimu. Si kama Marekani. Kila gofu lazima mlipake damu?

---

Mtembezi_wa_Kipupwe

Ndugu Kipanga, nakujibu kwa heshima kwa sababu hoja yako naisikia sana.

Ni kweli mtumwa wa shamba alikuwa na kijishamba chake cha muhogo, na kwa desturi Alhamisi na Ijumaa alijifanyia kazi zake. Ni kweli pia wengi walisilimu na watoto wao wakawa Waswahili kama wewe na mimi. Lakini kile kiwanja kilimwondolea bwana gharama ya kumlisha. Na mtu huyo aliuzwa sokoni Mkunazini, mpaka soko lilipofungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Barghash aliutia saini kwa kubanwa na manowari za Waingereza. Hata baada ya hapo utumwa wenyewe uliendelea mashambani mpaka amri ya 1897, na masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka 1909. Yaani Marhubi linajengwa, hawa bado ni watumwa.

Sisemi hivi kumwonea mtu wa leo. Nasema kwa sababu pale Kidichi jina la Shahrazad tunalo, la Said tunalo, na la mpiga nakshi hatuna, wala la mbeba kuni. Nikitembea na vijana wangu nataka wajue kwamba kulikuwa na watu hao.

---

Mzee_wa_Dole

Assalaam alaykum. Nimesoma, nimefurahi kuona vijana wanatembea. Niongeze machache.

Kwanza, msidhani mikarafuu mnayoiona ndiyo ile ya Sayyid Said. Aprili 1872 ilipiga tufani ambayo wazee wetu walikuwa wakiihesabia umri wa watu, fulani kazaliwa kabla ya tufani, fulani baada. Unguja karibu theluthi mbili ya mikarafuu ililala chini. Pemba haikuguswa sana, na tangu hapo Pemba ndiyo yenye karafuu nyingi mpaka leo. Mkarafuu ukipanda unasubiri miaka sita, saba, nane ndipo uzae. Kwa hiyo mwenye shamba Unguja alikaa miaka hana kitu, na wengi waliingia madeni kwa wafanyabiashara wa Kihindi mjini. Ukitaka kujua kwa nini majumba mengine ya shamba yalianza kubomoka mapema, anzia hapo, usianzie moto peke yake.

Pili, kuchuma. Mleta mada umezungumzia kuanika lakini kazi iko juu ya mti. Karafuu inachumwa ikiwa kichomozi, kabla ua halijafunguka. Likifunguka, bei imeondoka. Mti mmoja hauivi wote kwa siku moja, unaurudia mara kadhaa katika msimu. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kukatika, hayadanganyi mtu: unapanda na kamba, unavuta tawi kwa kigoe, unachuma kishada unatia kwenye pakacha, mguu mmoja huku umeukaza kwenye shina. Kila msimu watu huanguka. Wengine wanavunjika migongo, wengine hawaamki. Mimi mwenyewe nimechuma tangu mdogo na ndugu yangu alianguka mbele ya macho yangu. Mkinunua kile kipakti cha karafuu cha watalii, mjue.

Tatu, kuhusu hizo ardhi mnazopita. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 mashamba yalichukuliwa na serikali, kisha wananchi wakagaiwa eka tatu tatu. Baba yangu alipata zake. Mama yake baba, yaani bibi yangu, alizaliwa na mtu aliyeletwa kutoka Nyasa. Kwa hiyo mtoto wa mjukuu wa mtumwa ndiye anayewauzia madafu hapo njiani. Eka tatu nazo zimegawanywa kwa urithi mara mbili mara tatu, sasa mtu ana mikarafuu mitano na nyumba. Vijana wanauza viwanja. Mkichelewa mtakuta kijia chenu kimezungushiwa ukuta.

---

Mtembezi_wa_Kipupwe

Shikamoo mzee wangu. Umenipa kitu ambacho sikukipata kwa mtembeza wageni yeyote. Hilo la tufani na madeni nitaliweka kwenye maelezo ya kundi letu. Ukiwa tayari tungependa tukipita Dole tukusalimie.

---

Mzee_wa_Dole

Marahaba. Karibuni, mlango uko wazi. Mje asubuhi.

---

Mkindu243

Salamu kutoka Kindu, jimbo la Maniema, Kongo. Nimefungua huu uzi kwa sababu nimeona neno Manyema. Huku kwetu wazee wanasimulia misafara ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, kutoka upande wa hapa, watu kufungwa na kupelekwa mpaka Ujiji, na kutoka Ujiji hatujui tena. Simulizi inaishia ziwani. Sasa ninasoma kwamba wengine walifika kuchimba mashimo ya mikarafuu kwenye kisiwa. Tippu Tip naye alikuwa na mashamba yake Unguja, ndivyo?

Sisi tunaongea Kiswahili kwa sababu ya njia ile ile. Siku Mungu akipenda nitakuja kuitembea hii njia, nianzie kule juu.

---

Mtembezi_wa_Kipupwe

Ndivyo, ndugu yangu. Tippu Tip alizaliwa Unguja, akarudi kuzeekea Unguja akiwa na mashamba kadhaa, akafia mjini mwaka 1905. Nyumba yake ipo Shangani, Mji Mkongwe. Si wote waliotoka Manyema walifika visiwani, wengi walibakizwa njiani, Ujiji na Tabora, lakini waliofika wapo na vizazi vyao vipo. Ukija nitumie ujumbe humu. Hiyo safari nitaitembea pamoja na wewe.

---

IbraMuscat

Nimekaa nikisoma, nikasema na mimi niandike. Familia yetu iliondoka Unguja 1964, mimi nimezaliwa Muscat lakini nyumbani tunazungumza Kiswahili mpaka leo. Babu alikuwa na shamba upande wa huko Kizimbani, si kubwa. Nilikwenda na marehemu mama kulitafuta. Alikuwa akikumbuka mdoriani mmoja karibu na kisima. Tulikuta kisima, mdoriani hakuna. Watu wanaokaa hapo walitukaribisha, wakatupikia muhogo kwa samaki, mama akakaa na mwenye nyumba wakazungumza kama waliokua pamoja. Hakuna aliyemuuliza mwenziwe la kudai.

Babu yangu nampenda na kumwombea dua. Na hilo alilosema Mzee wa Dole kuhusu bibi yake ni kweli, na mimi nataka wanangu walijue vyote viwili. Kipanga, ndugu yangu, kulitaja hilo si kutupaka damu.

---

Kipanga_Mwekundu

Ibra nimekuelewa. Na Mzee wa Dole shikamoo. Hoja yangu ilikuwa kwamba mara nyingi wanaokuja kusema haya wanakuja na yao ya kisiasa. Ila ikisemwa na wenyewe kwa namna hii sina tatizo.

---

Fundi_Chokaa

Niingie kwa upande wa majengo maana ndiyo kazi yangu. Wakuu, mkifika Mtoni na Marhubi tazameni ukuta kwa ndani, pale plasta ilipodondoka. Mtaona mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Chokaa yenyewe ilichomwa kutokana na mawe hayo hayo: unapanga kuni duara, mawe juu, unachoma, unayaacha, kisha unamwagia maji na kuiweka muda mrefu ipoe ndipo ukandike. Ukuta wa namna hii unapumua. Maji yakiingia yanatoka. Adui yake mkubwa ni mtu mwenye nia njema anayekuja kuziba ufa kwa saruji. Saruji inafungia unyevu ndani, chumvi inasukuma, jiwe linamomonyoka nyuma yake, na baada ya misimu michache kipande kizima kinadondoka. Nimeona hivyo kwenye zaidi ya gofu moja, sitaki kutaja nani alifanya.

Adui wa pili ni mizizi. Mtini ukiotea juu ya ukuta mnaona unapendeza kwenye picha. Ndani unapasua. Na msipande juu ya kuta wala kuegemea nguzo za Marhubi, tafadhalini.

---

BintiMkunazini

Fundi asante, sikujua hilo la saruji. Hivi kwa nini makasri karibu yote yako upande ule mmoja, Mtoni, Beit el Ras, Marhubi?

---

Fundi_Chokaa

Maji, dada. Mtoni kuna kijito, ndipo kasri lilipopata jina. Bububu kuna chemchemi kutoka kilima cha Masingini, na Barghash alizivuta kwa mfereji mpaka mjini watu wakapata maji safi. Ukitembea kati ya Mtoni na Marhubi utaona mabaki ya mifereji ya mawe, mengine yamesimama peke yake kama ukuta usio na nyumba. Na upande huo bahari ni tulivu, mashua inafika. Kutoka mashambani ni mteremko mtupu. Sultani angekwenda mashariki kufanya nini, kwenye mawe?

---

Safari_Kwanza

Mkuu mleta mada, gharama vipi? Na ukichoka Bububu unaweza kukatisha?

---

Mtembezi_wa_Kipupwe

Gharama ni nauli ya gari ya shamba kwenda Kizimbani, kiingilio kwenye magofu yenye wasimamizi, malipo ya kijana anayewaongoza, na chakula. Bebeni pesa taslimu ndogo ndogo, huko juu hakuna chenji. Maji bebeni ya kutosha mpaka Kidichi, kuanzia hapo madafu yapo njiani.

Kukatisha inawezekana, Bububu ndipo pazuri pa kufanya hivyo, unapanda 502 unarudi mjini. Lakini kama nguvu ipo msiishie hapo. Kutoka Bububu barabara kuu ina magari mengi, tembeeni pembeni na pale ufukwe unaporuhusu shukeni mtembee mchangani maji yakiwa yametoka. Angalieni bamvua, siku hizo maji yakijaa hupati pa kupita.

---

Safari_Kwanza

Na Mangapwani je? Tunaweza kuunganisha siku hiyo hiyo?

---

Mtembezi_wa_Kipupwe

Mangapwani iko kaskazini, huku mnakuja kusini, kwa hiyo iwekeni siku ya pili. Kile chumba cha chini ya ardhi kilitumika kuficha watumwa baada ya soko kufungwa 1873, magendo yalipoendelea usiku. Ni vizuri mkione baada ya kuitembea njia hii, mkiwa mmeshaona kazi waliyokuwa wakipelekwa kuifanya.

Kundi letu linakwenda tena Julai, Jumamosi ya kwanza. Tunakutana Darajani saa 12 na nusu asubuhi. Tutaanzia Dole kwa mzee, kisha Kizimbani. Anayetaka aandike jina lake hapa chini.

---

BintiMkunazini

Tuandike wawili, mimi na dada yangu.

---

Kipanga_Mwekundu

Na mimi niwekeni. Vijia vya Kidichi navijua, kijana wa kuwaongoza msitafute.